Waunguja Wawili Pale Tororo

Nimestaafu, na vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Wamenitajia hata mambo ya kuandika: vyeo, mishahara, wakubwa waliopita. Hayo yote yamo kwenye mafaili, na faili halichoki kungoja msomaji. Mimi nitaandika yasiyokuwamo. Nitaeleza nilivyofundishwa kupokea telegramu, na nitawataja watu wawili wa Unguja ambao kisiwa chao kilibadilika mara baada ya mara hali wao wako mbali nacho, mmoja kwenye kaunta ya posta Tororo, mwingine kwenye cherehani Busia. Nyinyi wa faksi mtanivumilia.

Nilizaliwa upande wa Kenya, nje kidogo ya Busia, kwa Wasamia. Siku hizo mpaka ulikuwa habari ya wakubwa. Sisi tulivuka kwenda kusaga mahindi na kumsalimu shangazi. Nilipomaliza shule ya misheni, padri mmoja aliniandikia barua ya kunisifu, nami nikaipeleka Tororo, Uganda ikiwa bado haijapata uhuru wake. Mkubwa wa posta alikuwa Mzungu mwenye haraka. Aliisoma barua, akanitazama miguu kama anayekagua ng'ombe, akasema kwa Kiswahili chake, "Peleka yeye kwa Nassor."

Bwana Nassor alikuwa karani wa telegramu. Mtu mwembamba, wa rangi ya maji ya kunde, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama kama ukuta. Alikuwa mzaliwa wa mjini Unguja, na alikuwa amefika Tororo zamani kidogo, enzi ambazo kiwanda cha saruji kilikuwa kinajengwa. Mezani pake palikuwa na ufunguo wa shaba wa kupigia habari zinazotoka, na kando yake kidude kinacholia ka-ka-ka habari zinapoingia. Hicho kidude alikitia ndani ya kopo tupu la tumbaku ili sauti ijae, maana nje palikuwa na kelele za malori ya saruji ya kwenda Osukuru.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Bwana, hii kitabu nitaweka wapi?"

"Kitabu hiki," alisema bila kuinua macho. "Hiki. Kwani kitabu kimekukosea nini?"

Ndivyo nilivyoanza kujifunza lugha mbili kwa pamoja, ya nukta na mistari na ya kwao Unguja. Ya nukta ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu haina ngeli.

Alinifundisha kusikiliza. Mimi nilikuwa nahesabu nukta kwa vidole chini ya meza, naye akaniona. "Acha kuhesabu, binti. Anayehesabu punje za wali hulala na njaa. Sikiliza neno lote lipite, kisha liandike." Ilinichukua muda. Siku moja nilishtuka kukuta nimeandika sentensi nzima huku nikiwaza mambo ya nyumbani, na hapo nikajua kuwa nimeingia kazini.

Jambo la pili alilonifundisha ni kiapo. Kila karani wa telegramu aliapa kutunza siri za watu, lakini wengi walikiapa kama wanaomaliza shughuli. Bwana Nassor alikishika kama sala. "Kinachoingia kwa sikio kitoke kwa kalamu," aliniambia. "Mdomo hauna kazi hapa. Telegramu ya mtu huijui mpaka mwenyewe akuambie. Hata kama umeiandika wewe. Huijui."

Nilidhani ni maneno ya kunitisha. Baadaye niliona akiyatii kwa gharama ambayo mimi nisingeiweza.

Telegramu nyingi zilikuwa za misiba na wagonjwa. Mtu wa kawaida hakuwa akilipia telegramu kusema mvua imenyesha. Alikuja mzee kutoka Mella, kofia mkononi, akaegemea kaunta akasema, "Mimi nataka peleka habari kwa kijana yangu iko Kampala. Ambia yeye mama yake nagonjwa sana, kuja haraka." Bwana Nassor, aliyekuwa akinikatiza kwa kila ngeli, kwa mteja hakuwahi kusahihisha hata herufi. Aliyaandika maneno ya mzee kama yalivyo, akamsomea, akamuuliza, "Ndivyo?" Mzee akasema ndivyo. Nilipouliza kwa nini hakuyanyosha, alisema, "Kijana wake atamtambua babake kwa maneno haya. Nikiyanyosha atadhani ni mimi."

Kupeleka telegramu ya msiba kuna adabu yake, na hii naiandika kwa sababu imesahauliwa. Mara ya kwanza nilipeleka moja kijijini Kiyeyi. Nilimkuta mama mwenyewe shambani, nikampa karatasi pale pale kati ya mihogo, nikageuka. Nilisikia kilio kabla sijafika njiani, nami nikakimbia. Nilipomsimulia Bwana Nassor, aliweka kalamu chini. "Hukufanya makusudi, ila usirudie. Ukifika, ulizia mtu mzima wa nyumba. Omba maji ya kunywa. Ukiomba maji, watakuketisha, na watu watakusanyika. Kisha ndipo utoe karatasi. Na usiondoke mpaka mtu akushike mkono." Miaka yangu yote nimekunywa maji mengi ambayo sikuwa na kiu nayo.

Sasa nimtaje huyo wa pili. Fundi Makame alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa barazani pa duka la Mhindi mmoja Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo wanaovuka kwenda sokoni hawana budi kupita. Alikuwa mtu wa kusini, mashambani Unguja, mnene, mwenye sauti ya kuitia wavuvi. Kila Ijumaa alipanda Tororo kusali na kununua vitambaa. Msikiti ule mdogo ndio uliowakutanisha. Waunguja katika upande ule wote walikuwa hao wawili tu, na ungetegemea wangeshikana kama kupe na ng'ombe. Mwanzoni ilikuwa hivyo. Baada ya sala Fundi Makame alikuja mpaka kwenye kaunta, wakaongea Kiunguja cha kasi, wakicheka mambo nisiyoyaelewa.

Kilichowatenganisha ni kura. Kisiwa wakati huo kilikuwa chini ya Sultani, na Mwingereza juu ya Sultani, na vyama vikaanza kugombea nani atakikamata Mwingereza akitoka. Bwana Nassor alikuwa upande wa watu wa mjini na Sultani. Fundi Makame alikuwa upande wa wale waliosema kisiwa ni cha Waafrika walio wengi. Katika uchaguzi mmoja watu waliuana barabarani, na habari zile zilipofika Tororo, kila mmoja alimuuliza mwenzake swali moja: walianza nani? Hawakukubaliana mpaka mwisho wa maisha yao, nijuavyo mimi.

Kisha kisiwa kikapewa madaraka ya ndani, Waunguja wakawa na waziri wao mkuu. Bwana Nassor alinieleza kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu: sasa wanajitawala wenyewe nyumbani, kilichobaki ni bendera tu. Fundi Makame alisimama kaunta ile ile akasema, "Kujitawala? Wamebadilisha mlinzi wa mlango, nyumba ni ya yule yule." Tangu Ijumaa hiyo wakawa wanasali safu mbalimbali. Mwenye duka wa jirani na msikiti ndiye aliyeniambia.

Desemba ya uhuru wa Zanzibar naikumbuka kwa sababu wetu wa Kenya ulikuja siku mbili baada ya wao. Bwana Nassor alileta halwa katika sinia, akaigawa ofisi nzima, mpaka mfagizi na wateja. Fundi Makame aliingia kutuma hawala, na Bwana Nassor, kwa moyo safi kabisa, akamsogezea sinia.

"Ya nini?"

"Ya uhuru, bwana. Uhuru wetu."

"Uhuru wa nani?"

"Wa Zanzibar, Makame. Wewe si Mzanzibari?"

Fundi Makame alilirudisha sinia kwa kidole. "Mimi sili tamu ya mwenzangu nikaita ya kwangu," akasema, akatoka bila kutuma hawala yake. Bwana Nassor alilifunika lile sinia. Mimi niliomba ruhusa ya kwenda kwetu kuona bendera ya Kenya ikipanda, na nilipofika Busia nilikuta watu wanacheza mpaka katikati ya barabara, wa upande huu na wa upande ule, na Fundi Makame akicheza kati yao. Uhuru wa Kenya hakuwa na neno nao.

Ulipita mwezi mmoja tu, mapinduzi yakaja. Yalitokea Jumapili, sisi tulijua Jumatatu asubuhi tulipofungua ofisi, Nairobi ikatutumia agizo fupi kwamba telegramu za Zanzibar zipokelewe kwa dhima ya mtumaji mwenyewe, njia haina uhakika. Bwana Nassor aliliandika agizo, akaligonga ukutani kwa misumari minne, akakaa. Redio ya mkubwa wa posta ilikuwa inasema Sultani amekimbia baharini na serikali iliyoshangiliwa kwa halwa haipo tena.

Mwezi ule waya haukupumzika. Askari waligoma huku na huku katika nchi zetu, Jinja nayo ikiwamo, na kila mkubwa alitaka kuzungumza na mkubwa mwenzake. Ramadhani ikaingia. Bwana Nassor alifunga, akafanya kazi. Kisiwani alikuwa na mdogo wake mmoja, Said, karani wa bandarini, ambaye wakati wa uchaguzi alikuwa akizunguka na chama cha kakake. Wazazi wao walikwishafariki. Bwana Nassor ndiye aliyemlea. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi aliita Mombasa kwa ufunguo, akauliza kama kisiwa kinajibu. Mombasa ikamjibu herufi zile zile: bado.

Busia hali ilikuwa tofauti. Mpwa wa Fundi Makame, mtoto wa dada yake, alikuwa ametokea kuwa mtu mkubwa kati ya wale waliopindua, na habari hiyo ililetwa na madereva wa kutoka Mombasa. Watu wakaanza kumwita Fundi "mheshimiwa". Mimi nilipita pale Jumamosi moja nikielekea nyumbani, nikamkuta amefungua baraza mapema, watu wamemzunguka, anawasimulia kama aliyekuwapo. Aliponiona alinyamaza. Kisha akauliza, "Mwalimu wako mzima?" Nikasema mzima. Akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi moja katika kumi la mwisho la Ramadhani nilikuwa nimeketi upande wa pili wa meza, Bwana Nassor anapokea. Kidude kilikuwa kinalia ndani ya kopo na kalamu yake inakwenda, taratibu kama siku zote. Mimi nami nilikuwa nasikia, maana kufikia hapo sikio langu lilikuwa limekomaa. Telegramu ilitoka kwa shangazi yao wa Mombasa. SAID AMESHIKWA YUKO GEREZANI HATUJUI ZAIDI OMBENI MUNGU.

Kalamu haikusimama. Alimaliza, akamjibu Mombasa kwamba amepokea, akaitia karatasi kwenye bahasha, akaandika jina lake mwenyewe juu, akaisukuma kwangu.

"Nipelekee," alisema.

Nilikaa nimeishika. Kisha nikafanya alilonifundisha. Nikasema, "Bwana, naomba maji ya kunywa."

Alinitazama, naye alikuwa amefunga, na ilikuwa asubuhi. Akainuka, akanimiminia maji kwenye bilauri kutoka kwenye mtungi wa kona, akarudi kuketi. Niliyanywa yote. Kisha nikampa bahasha. Aliifungua, akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona. Nilimshika mkono. Kidude kikaanza kulia tena, nikapokea mimi.

Idi ikapita bila habari. Fundi Makame aliyasikia kutoka kwa madereva wale wale waliomletea sifa za mpwa wake: Said alikuwa kwenye jumba alilolisimamia mpwa huyo au wenzake wa karibu. Nimewahi kujiuliza Fundi aliwaza nini siku hizo pale barazani. Hakuwahi kuniambia. Ninachojua ni kwamba siku moja ambayo si Ijumaa aliingia ofisini kwetu, akasimama pembeni mpaka wateja wakaisha. Mimi nikamkaribisha dirishani kwangu.

"Ngoja, binti," akasema. "Leo nimemfuata huyo."

Akasimama mbele ya Bwana Nassor. Hawakuwa wamesemezana tangu ile halwa.

"Nataka kutuma telegramu. Unguja."

"Njia imefunguka, lakini hatudhamini," Bwana Nassor akasema kwa sauti ya kazi. "Kwa nani?"

Akataja jina la mpwa wake. Bwana Nassor akaandika.

"Maneno?"

Fundi Makame alikohoa. "Andika: Mfungwa Said karani wa bandarini ni ndugu yangu. Nakuomba kwa maziwa ya dada yangu umwachie. Mjomba wako Makame."

Kalamu ilifika kwenye "ndugu yangu" ikasita. Huyo alikuwa mtu ambaye kalamu yake haikusita kwa habari ya kufungwa mdogo wake mwenyewe.

"Kuna neno hapa si la kweli," Bwana Nassor akasema.

"Lipi?"

"Unalijua."

"Wewe ni karani wa telegramu au kadhi?" Fundi akauliza. Ile sauti yake kubwa haikuwapo. "Nimekuja kutuma maneno yangu. Yaandike yalivyo. Au siku hizi mnawanyoshea wateja maneno?"

Bwana Nassor akaandika. Kanuni ilikuwa kumsomea mtumaji kabla ya kupiga, na yeye hakuwahi kuruka kanuni. Akasoma kwa sauti kavu, tangu jina la mpwa mpaka mwisho. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akageuka, akashika ufunguo, akapiga. Nilikuwa nasikiliza kila herufi. Mkono wa karani una mwendo wake kama miguu ya mtu, na mimi nilikuwa naujua wa kwake kuliko wa mtu yeyote. Siku ile ulikwenda polepole kidogo, kama wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Alipomaliza, Fundi Makame alikuwa amekwisha kutoka. Hakungoja shukrani, na sidhani kama angepewa pale.

Jibu halikuja mwezi ule wala uliofuata. Fundi akatuma nyingine, maneno yale yale. Kimya.

Siku chache baada ya Idi kubwa, kisiwa na Tanganyika vikaungana. Redio ilisema hivyo, magazeti ya Kampala yakaonyesha wakubwa wamesimama pamoja, na wateja wetu wakauliza maswali kisha wakasahau, kwa sababu pamba ilikuwa haijalipwa. Sisi wa posta tuliujua Muungano kwa njia ya waraka: tangu sasa Unguja na Pemba zihesabiwe pamoja na Bara, nchi moja. Bwana Nassor alichukua kalamu nyekundu, akafuta "Zanzibar" kwenye orodha ya nchi za ng'ambo iliyokuwa ukutani. Aliisoma orodha ile tena, akarudi kuketi.

"Mwaka jana nilikuwa raia wa Sultani," alisema. "Desemba nikawa mtu wa nchi huru. Januari nikawa wa Jamhuri ya Watu. Sasa hivi sijui wananiitaje. Na sijainuka kwenye kiti hiki."

Ilikuwa mwezi wa Mei, kazi imepoa, kidude kikaanza kulia kutoka Nairobi. Bwana Nassor alikuwa anapokea. Nilisikia anwani: FUNDI MAKAME BUSIA. Nikaacha nilichokuwa nafanya. NDUGU YAKO SAID AMEACHIWA AMEPELEKWA TANGA ASIRUDI UNGUJA.

Aliandika. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akaipiga mhuri. Busia hawakuwa na waya. Telegramu zao zilikuja kwetu na tulizipeleka kwa gari la barua, siku ya pili. Akanipa mkononi.

"Unajua njia ya kwenu," alisema. "Ipeleke leo. Basi la saa nne bado lipo."

"Bwana Nassor..."

"Ipeleke kwa mwenyewe."

"Lakini umeshasikia."

"Sijasikia kitu," akasema. "Ni telegramu ya mtu." Na akajishughulisha na kunoa penseli ambayo ilikuwa tayari imechongoka.

Niliikuta baraza ya Fundi Makame ina wateja wawili. Hakuwa msomaji wa herufi za Kizungu, alisoma za Kiarabu, akaniomba nimsomee. Niliomba maji kwanza kwa mazoea, akashtuka, akadhani ni msiba, mpaka nikamwambia hapana Fundi, nina kiu tu. Nikamsomea. Alivua miwani.

"Nassor amekwisha jua?"

"Aliipokea yeye," nikasema. "Lakini anasema hajui mpaka uje umwambie."

Alinitazama kama ninayemtania. Alipoona simtanii akatoa mguu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imo ndani ya suruali ya mtu. "Mtu mgumu huyu," akasema. "Wallahi mtu mgumu." Aliwaambia wateja waje kesho. Tulipata lori tupu la saruji lililokuwa linarudi kiwandani, tukakaa mbele na dereva. Tulifika Tororo nyusi zetu zimepauka kwa vumbi la saruji.

Ofisi ilikuwa inakaribia kufungwa. Bwana Nassor alikuwa pale pale. Fundi Makame akaenda mpaka kaunta, akaweka mikono yake minene juu ya mbao.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam."

"Nimepata habari."

"Habari gani, Makame?"

"Said ametoka. Mzima. Yuko Tanga."

Nilimwona Bwana Nassor akizipokea habari zile. Naapa alizipokea kwa mara ya kwanza. Uso ulikunjuka, akashika ukingo wa kaunta, akalia mbele ya wateja na mkubwa wa posta, mtu ambaye hata kola yake haikuwahi kulegea. Fundi Makame akazunguka akaingia ndani ya kaunta, mahali ambapo wateja hawaruhusiwi, na hakuna aliyemzuia.

"Lakini wamesema asirudi Unguja," Fundi akasema.

Bwana Nassor alipangusa macho. "Wamemfukuza kwao wakampeleka kwao," akasema.

"Ndiyo Muungano huo," akasema Fundi, na wote wawili wakacheka vibaya, kama watu wanaokohoa.

Said alikuja Tororo kwa treni katikati ya mwaka. Alikuwa kijana mrefu aliyekonda mpaka nguo zilimtangulia. Wiki za kwanza alilala tu. Hakusimulia ya gerezani, nasi hatukuuliza. Siku moja Fundi Makame alikuja nyumbani kwa Bwana Nassor na futi yake shingoni kumpimia suruali na shati, kwa kuwa hakuwa na nguo ya kumkaa. Mimi nilikuwa nimealikwa chakula. Said akasimama, mikono ameitanua, Fundi akampima mabega.

"Fundi ni wa wapi kwetu?" Said akauliza kwa adabu.

Fundi akataja kijiji chake. Said akafikiri. Kisha akataja jina la yule mpwa.

"Mtoto wa dada yangu," Fundi akasema, futi mkononi.

Said alishusha mikono. Uso wake uligeuka ukawa wa mtu mwingine. "Kaka," akamwambia Bwana Nassor, "huyu anafanya nini humu ndani? Watu wa huyu ndio walio..." Hakumaliza. "Mimi sina ujamaa na huyu."

Fundi Makame alianza kuikunja futi.

"Unao," akasema Bwana Nassor kutoka kwenye mkeka. Hakuinua sauti. "Huyu ni ndugu yako. Niliipiga kwa mkono wangu."

Said hakuelewa, na hakuna aliyemweleza siku hiyo. Mwishowe, pengine kwa uchovu, akainua mikono tena. Fundi akaikunjua futi, akaendelea na mabega, na nikamwona akikosea vipimo akarudia upya.

Kati ya Said na Fundi hapakuwa na mapenzi. Said alifanya kazi kwenye duka la vipuri pale Tororo kwa muda, akavaa zile nguo mpaka zikaisha, akamwamkia Fundi kila alipomwona, akaishia hapo. Baadaye alirudi Tanga akaoa huko. Kisiwani hakurudi.

Miaka ile ya sitini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mpaka nao ukaacha kuwa habari ya wakubwa tu. Wenye kazi za serikali tukaulizwa sisi ni raia wa wapi. Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu wa Osukuru, nikabaki Uganda. Kwetu nikawa nakwenda kama mgeni, kwa karatasi. Bwana Nassor aliambiwa achague, achukue uraia au aache kazi. Alikaa na jambo lile muda mrefu. Mwisho akasema amechoka kubadilika akiwa amekaa, afadhali safari hii abadilike akiwa anatembea. Akaamua kumfuata mdogo wake Tanga.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza stesheni, mimi na makarani wenzangu na Fundi Makame, aliyepanda kutoka Busia akiwa amevaa suti aliyoishona mwenyewe. Nilitegemea huzuni. Badala yake, wakati mizigo inapakiwa, Bwana Nassor alisema kitu kuhusu Muungano, kwamba kisiwa kimemezwa na sasa hakina sauti, na Fundi Makame akajibu kwamba kisiwa kisichoungana kingemezwa na bahari, na hapo wakaanza. Walizungumza kwa kasi ile ya zamani, vidole hewani. Filimbi ikalia. Bwana Nassor akapanda, akatoa kichwa dirishani akiendelea kueleza hoja yake. Treni ikaanza kuvuta. Fundi Makame akatembea sambamba na dirisha, kisha akakimbia kidogo, suti na kila kitu, akipiga kelele, "Sikiliza! Hujanisikiliza! Kwani wananchi wa Bara nao nani aliwauliza?" na Bwana Nassor akajibu kitu ambacho magurudumu yaliondoka nacho.

Fundi alirudi akihema. "Sijui amesema nini," akaniambia kwa hasira. "Umesikia?"

"Sikusikia, Fundi."

"Nitamwandikia," akasema. "Hawezi kuondoka na neno la mwisho namna hii." Na alimwandikia, mimi ndiye niliyekuwa nikibandika stempu, muda wote aliokuwa hai.

Tuliagana nje ya stesheni. Nikarudi ofisini, kwenye kiti ambacho sasa kilikuwa changu, kwa sababu palikuwa na watu wamepanga foleni, na wa kwanza alikuwa mama mwenye kitambaa cheusi kichwani ambaye hakujua aanzie wapi.